Tangazo Katikati ya Sauti ya Papa Furaha

Mushaki, Jumamosi. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijachoka. Ukungu umeshuka hadi mlangoni mwa duka, ng'ombe wa jirani nawasikia tu, siwaoni.

Sijaandika hapa tangu Jumamosi iliyopita. Si kwamba nilikosa la kuandika. Nilikuwa naona aibu, na aibu ikikaa sana moyoni inaanza kujiona mwenye nyumba. Leo nimefunga duka mapema, nimechemsha chai ya tangawizi, nimekaa. Wacha niseme.

Wanaonisoma tangu zamani wanajua kazi yangu. Mimi ni Masika, mtu wa Butembo niliyefuata biashara mpaka huku kwenye vilima vya Masisi. Nauza chumvi, sabuni, mafuta, betri. Nachaji simu za watu kwa nguvu ya jua. Na nina kompyuta moja ya zamani, ambayo kwa miaka yote hii imekuwa ghala la sauti na picha za watu wa hapa. Arusi, ubatizo, kwaya ya parokia, salamu za mtoto aliyekwenda kusoma Bukavu. Anayetaka kusikiliza, anakuja. Anakaa kwenye benchi, ananunua mandazi au hanunui, anasikiliza.

Vitu hivyo vyote nilivitia katika programu moja ambayo hapa dukani tunaiita Kisanduku. Niliipenda kwa sababu haikuwa na makuu. Ukiifungua ilikuonyesha vitu vyako, basi. Haikukuuliza wewe ni nani wala unapenda nini. Niliisifu kwa watu wakaniamini. Nikaitia kwenye simu za wanakwaya, kwenye simu ya katekista, kwenye simu za mama wa sokoni. Nilitembea na sifa zake mdomoni utadhani nimeizaa mimi.

Miongoni mwa sauti zile ilikuwamo ya Papa Furaha.

Papa Furaha alikuwa mkulima wa maharagwe, shamba lake liko juu kidogo ya barabara. Alikuja dukani asubuhi moja, amevaa koti lake la kahawia, anakohoa, anasubiri gari la kumpeleka hospitali huko Goma. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya kubonyeza, isiyotunza kitu. Akaniomba nimrekodi kwenye kompyuta. Alitaka kumwachia maneno binti yake wa mwisho, Neema, ambaye wakati ule alikuwa bado ananyonya. Wale wakubwa wananijua, alisema, huyu hanijui bado. Nikamrekodi. Alipomaliza aliniangalia usoni.

"Dada Masika, uchunge hii mu mashini yako. Isipotee."

Nikamjibu kwa kifua mbele: "Kwangu haiwezi kupotea, Papa."

Hakurudi. Alizikwa Goma, maana barabara ilikuwa imefungwa na mwili haukuweza kupanda. Baadaye sote tulikimbia. Mke wake, Mama Furaha, alienda Sake na watoto, mimi nikarudi kwetu. Nilipotoka hapa niliacha mifuko ya chumvi, niliacha hata sufuria zangu, lakini kompyuta niliifunga kwenye kitenge nikaibeba mgongoni kama mtoto. Nasema hili si kwa kujisifu. Nasema ili mwone jinsi nilivyo mjinga. Ahadi niliyoibeba mgongoni wakati wa mbio, niliiangusha nikiwa nimekaa kwenye kiti, kwa kidole kimoja.

Tumerudi mwaka huu. Duka likafunguliwa, watu wakaanza kupanda maharagwe tena. Lakini biashara ililala. Jioni watu walipita mlangoni bila kuingia. Ndipo Kisanduku kikaniletea habari: kuna toleo jipya, lina filamu za bure, nyingi, na mechi, na vichekesho. Ninachotakiwa ni kujiandikisha na kubonyeza "J'accepte", yaani nakubali.

Nilimtumia ujumbe Muhindo, mtoto wa mama mdogo, anayetengeneza kompyuta kule Butembo. Akanijibu kwa sauti: "Dada, usiitike mbele ya kusoma. Bale bantu banabadilika."

Akanieleza vizuri kabisa. Kwamba waliotengeneza Kisanduku walianza kwa kututunzia vitu vyetu, sasa wameona vitu vyetu haviwapatii kitu. Kwa hiyo wanaleta vitu vya watu wengine, na hao wengine ndio wanaowalipa, pamoja na wenye matangazo. Kwamba pole pole sisi na arusi zetu tutasukumwa nyuma ya mlango wa nyumba yetu wenyewe.

Nilimsikia. Nikabonyeza.

Sikudanganywa na mtu. Nilitaka watu wakae dukani jioni. Nilizifikiria filamu, nikafikiria benchi limejaa, nikafikiria mandazi. Maneno yale marefu ya masharti niliyapitia kama mtu anayepita kwenye matope, macho mbele, nguo juu.

Na kweli benchi lilijaa. Siku zile za kwanza nilicheka sana. Ni kweli pia kwamba mambo yalianza kuniuma kidogo kidogo. Ukifungua Kisanduku ulikutana na sura za watu wasiojulikana, wenye bastola, wenye magari, wanawake wamelala karibu na maji ya buluu. "Tumekuchagulia," kinasema. Kunichagulia nani? Vitu vyetu vilikuwa chini kabisa, ushuke, ushuke tena, ndipo uone picha ya arusi ya binti wa katekista imejikunja kama mgeni asiyealikwa. Mama mmoja wa sokoni aliniuliza kwa nini simu yake inamaliza vifurushi siku hizi. Nikamwambia labda ni mtandao mbaya. Nilijua si mtandao.

Katikati ya filamu matangazo yaliingia. Watu walizoea, wakati wa tangazo walinunua soda. Mimi nilijiambia: hizo ni filamu zao, matangazo ni yao, vitu vyetu havitaguswa. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile.

Familia ya Papa Furaha waliamua kumaliza matanga. Walikuwa wamechelewa sana, lakini ungefanyaje na watu wametawanyika? Wakakubaliana kwamba kwa kuwa kaburi liko mbali, sauti yake ndiyo itakayokuja nyumbani. Kaka yake mkubwa, Papa Bauma, ndiye aliyepanga. Waliweka kiti katikati ya uwanja, na juu ya kiti wakalitandika lile koti la kahawia, ambalo Mama Furaha alirudi nalo kutoka hospitali na kukimbia nalo mpaka Sake. Mbele ya kiti wakamkalisha Neema, amepakwa mafuta, amevaa gauni jipya la manjano. Hajatimiza hata miaka mitatu. Alikuwa haikumbuki sauti ya baba yake. Siku hiyo ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza kuisikia akiwa na akili, mbele ya ukoo wote.

Nikaleta kompyuta. Tukaazima spika kubwa ya kwaya. Simu yangu ilikuwa mfukoni, na niliiacha intaneti wazi kwa sababu nilikuwa nangoja habari za gari la mzigo wangu. Msiba wa watu, na mimi akili yangu nusu iko kwenye sabuni. Kompyuta ikaiona simu, ikajiunga nayo yenyewe kama ilivyozoea dukani.

Nikatafuta jina lake chini ya zile filamu zote. Nikabonyeza.

"Neema," sauti ikasema, na uwanja mzima ukanyamaza. "Miye njo Papa yako. Niko naenda Goma, ku hospitali. Kama nakawia, usikilize Mama yako. Kitu moja nataka ukumbuke..."

Hapo Papa Furaha alikuwa amenyamaza. Nakumbuka siku ile dukani, alisimama kidogo kabla kikohozi hakijamshika. Muhindo ananiambia sasa kwamba programu za namna hii hutafuta mahali penye kimya ili zipate pa kuingilia. Kisanduku kilisikia kimya, kikaona hapo hapana mtu.

"Cheza leo, shinda leo!"

Ngoma, vigelegele, mwanamume anapiga kelele kwa furaha. Tangazo la kubahatisha mpira. Cheza leo, shinda leo! Spika ya kwaya ina nguvu, ilisikika hadi barabarani. Nilibonyeza kila mahali. Pameandikwa subiri, bado kidogo, subiri. Nikang'oa waya wa spika, na tangazo likaendelea kutoka kwenye kompyuta yenyewe, kwa sauti ndogo, katika kimya kile. Ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Kijana mmoja nyuma akacheka, kisha akajishika mdomo.

Mama Furaha hakulia. Aliangalia chini tu, mikono juu ya mapaja.

Papa Bauma akasimama. Akaliondoa koti kwenye kiti, akalikunja taratibu, mkono juu ya mkono, akalishika kifuani. Nikaelewa kwamba imeisha. Mtu amekuja nyumbani, amefukuzwa mlangoni. Kisha akanigeukia, bila hasira hata, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

"Masika, umeuzisha sauti ya mudogo yangu?"

"Hapana, Papa," nikasema.

Wakaendelea na yaliyobaki, kunyoa nywele, kula, kunywa. Hakuna aliyenifukuza. Nilikunja waya zangu nikashuka na kompyuta chini ya mkono, nyuma ya mabanda, kama mwizi wa kuku.

Juma zima nimeishi na hiyo hapana. Niliisema haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Sikupokea kitu kwa sauti ile, ni kweli. Lakini kuna mtu aliyepokea. Mtu fulani, mahali nisipopajua, amepata chake kwa sababu Papa Furaha alinyamaza kidogo kabla ya kukohoa. Na mlango ulifunguliwa na nani? Alhamisi nilifikiria kwenda kuungama, nikaishia kwenye ngazi za kanisa. Ningemwambia nini padri? Padri, nimetenda dhambi, nimebonyeza "J'accepte"? Angeniuliza ni amri ya ngapi.

Majuto ni mjukuu, walisema wazee. Wangu amekuja na tayari ameota meno.

Nimekitoa Kisanduku kwenye kompyuta. Mafaili yenyewe yalikuwapo, salama ndani ya folda yao, hayakuguswa. Yaani wakati wote ule ningeweza kuicheza sauti hiyo bila Kisanduku, kwa kubonyeza mara mbili tu. Hili nalo nimelimeza bila maji. Kisha nimeanza kupita kwa watu niliowawekea, niwaombe radhi na kukiondoa. Katekista amekubali. Mama wa sokoni amekubali, akanisonya kwanza. Vijana wa kwaya wamekataa. "Dada, utuachie filamu," wanasema. Ningewalaumu vipi? Ni mimi niliyewaonjesha.

Leo nimepanda kilimani. Kwetu na kwao pia, mtu aliyeharibu msibani haendi mikono mitupu. Nilibeba kuku jike mwenye afya, na kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi iliyotoka bondeni. Na ndani ya mfuko wa plastiki, redio ndogo inayomeza kadi. Kwenye kadi niliweka sauti moja tu. Hakuna kitu kingine humo, hata wimbo.

Mvua ilinipiga njia nzima, kuku analalamika, mimi pia nalalamika. Nilimkuta Mama Furaha jikoni anachambua maharagwe kwenye ungo. Alinisogezea kigoda kabla sijasema kitu. Nikasema nilichokuja kusema, vibaya, nikirudia-rudia. Aliniacha nimalize. Akamwita Papa Bauma kutoka nyumba ya pili, naye akaja, akapokea kuku, akamtazama miguu, akamfunga kwenye nguzo nje. Alipokea pia kidumu. Nikapumua.

Kisha akaichukua ile redio, akaigeuza-geuza.

"Na hii, haiwezi kuingiza mambo ya bengine?"

"Haiwezi, Papa. Haina njia ya kupitia."

"Ile ingine pia ulikuwa unasema vile."

Nilikuwa nastahili.

Neema aliingia kutoka chumbani amefunikwa lile koti, linaburuzika nyuma yake kwenye majivu, mikono imempotea ndani. Mama yake akampakata. Nikaiweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaiwasha.

"Neema. Miye njo Papa yako."

Mtoto akainua kichwa. Akaitazama redio, akamtazama mama yake, akatabasamu. Mama Furaha alikuwa ameacha maharagwe. Papa Bauma alikuwa amevua kofia.

"Niko naenda Goma, ku hospitali. Kama nakawia, usikilize Mama yako. Kitu moja nataka ukumbuke..."

Kimya kikaja.

"Cheza leo, shinda leo!" akaimba Neema, na kupiga makofi ndani ya ile mikono mirefu ya koti.

Alikuwa na furaha kabisa. Alituangalia mmoja mmoja, kama mtoto aliyejibu vizuri katekisimu. Kisha akateleza kutoka mapajani, akakimbilia nje kumwimbia kuku, cheza leo, shinda leo, na redio nyuma yake inakohoa. Ikakohoa kwa muda. Halafu Papa Furaha akamalizia yale aliyotaka binti yake ayakumbuke, na wa kumsikiliza tulikuwa sisi watu wazima.

"Siku ulizaliwa, mvua ilikuwa inanyesha sana. Nilikubeba mu koti yangu mpaka ku nyumba. Haukulia ata kidogo."

Niliona macho ya Mama Furaha yamejaa. Alivuta pumzi, akarudi kwenye ungo wake, akawa anachambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa.

"Anasemaka vile kila siku," akaniambia. "Batoto ba huku bote banaimba, banamuchekesha. Lakini yeye anajua ni Papa yake njo alimuambia." Akatupa kokoto nje ya ungo. "Ile ya mu redio umeitoa, Masika. Ile iko mu mutoto, utaitoa namna gani?"

Niliizima redio.

Nilipoinuka kuondoka, Papa Bauma alinisindikiza hadi kwenye ua. Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Nilisimama, nikashika mti wa ua, nikasema lile ambalo nilipanda kilima kulisema na ambalo nililizungukia jikoni kwa maneno mengi.

"Papa, siku ile uliniuliza. Nilijibu hapana." Nikamtazama usoni. "Ni ndiyo. Niliuzisha. Sikujua, lakini ni miye nilifungula mulango."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepewa kitu chake kilichokuwa kimeazimwa. Sikuona kama amenisamehe. Sikuona kama amekataa pia.

"Basi kesho urudi," akasema. "Mutoto asikie mpaka mwisho."

Nimeshuka nimelowa mpaka kwenye mifupa. Hapa nje kuna watu wawili au watatu wanagonga mlango wa duka, wanauliza kama jioni hii kuna filamu. Nimewajibu kutoka ndani kwamba hakuna, na kesho hakuna. Nasikia viatu vyao kwenye matope vikienda zake. Benchi litakuwa tupu, nami nitajifunza kuliangalia.

Kesho ni Jumapili. Baada ya misa nitapanda tena. Nitaomba nikae karibu na Neema, kwenye mkeka, si kwenye kigoda. Sauti ya baba yake ikifika pale inaponyamaza, nitamshika mkono ndani ya lile koti, na tutangoja pamoja, mimi na yeye, kikohozi kiishe.